Blanketi la Miraba ya Kroshia: Wanayodhani Wanaoanza na Ukweli Wenyewe

Katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya kroshia huonekana kwanza sebuleni, kwenye vitambaa vya makochi na vya meza vilivyofumwa kwa uzi mwembamba wa pamba. Ndiyo maana anayetamani kufuma blanketi huambiwa aanze na vitambaa hivyo, akomae, kisha ndipo athubutu kazi kubwa. Ushauri huo umewakatisha tamaa watu wengi bila sababu. Kitambaa cha kochi ni kigumu kuliko blanketi, kwa kuwa vitanzi vyake ni vidogo mno kwa jicho ambalo halijazoea, na kosa moja katika ua lake huvuruga mpangilio wote unaofuata. Blanketi la miraba hutumia uzi mnene na sindano ya kroshia ya milimita 4 hadi 5, kila kitanzi huonekana, na mishono inayotumika zaidi ni miwili tu: mnyororo, yaani kitanzi kinachovutwa ndani ya kitanzi, na ule mshono mrefu ambao hapa nitauita nguzo. Ili kupata nguzo, zungusha uzi mara moja kwenye sindano, ingiza ndoano panapotakiwa, vuta uzi hadi uwe na vitanzi vitatu, kisha upitishe uzi katika viwili, na tena katika viwili vilivyobaki.

Wengine huogopa hesabu. Wanaamini kwamba mfumaji lazima ahesabu mishono mamia kwa mamia na kwamba akikosea mmoja kazi yote imeharibika. Katika mraba huu, unaojulikana kama mraba wa bibi, ndoano haiingii katika mshono wowote wa mzunguko uliotangulia, bali huingia katika uwazi ulioachwa kati ya fungu moja la nguzo tatu na jingine, na uwazi huo kidole kinaweza kuuhisi hata taa ikiwa hafifu. Mzunguko wa kwanza una mafungu manne ndani ya duara dogo la minyororo, na kati ya fungu na fungu huachwa minyororo miwili, ambayo ndiyo kona. Kuanzia hapo kanuni ni moja: kona hupewa mafungu mawili yaliyotengwa kwa minyororo miwili, na uwazi wa ubavuni hupewa fungu moja. Ukitaka kujihakikishia, tazama ubavu mmoja, kwa maana idadi ya mafungu yake ni sawa na namba ya mzunguko: mzunguko wa tano una mafungu matano kila upande, na yakiwa manne umeruka uwazi mahali fulani. Hata hapo hujapoteza kazi. Kroshia huacha kitanzi kimoja tu kikiwa wazi, tofauti na ufumaji wa sindano mbili ambao hubeba safu nzima ya vitanzi, kwa hiyo hufumua hadi penye kosa na kuendelea.

Ipo dhana nyingine kwamba mraba ukianza kujipinda kama pangaboi, mkono wa mfumaji ndio wenye tatizo. Nguzo haisimami wima kabisa juu ya ile ya chini yake, na ukifuma upande uleule mizunguko yote, mwegemeo huo mdogo hujikusanya. Geuza kazi kila unapomaliza mzunguko, nao utanyooka. Lakini kingo zikianza kujikunja kama rinda, chunguza uwazi wa ubavuni, kwa sababu mara nyingi umeweka mafungu mawili mahali panapostahili moja.

Wanaojifunza kwa video hukumbwa na kizaazaa cha majina. Neno ambalo mfumaji wa Marekani hulitumia kwa nguzo hii, mwenzake wa Uingereza hulitumia kwa mshono mfupi zaidi, hivyo tazama mikono ya mfundishaji kuliko kusikiliza jina. Na wale wanaodhani miraba hii ni mtindo wa miaka ya 1970 wajue kwamba maelekezo yake yalichapishwa Marekani katika jarida la Prairie Farmer mwaka 1885, wakati ambapo vipande vya nyuzi vilivyobaki havikutupwa.

Dhana ninayoichukia kuliko zote ni ile ya kwamba fundo linatosha kumalizia uzi. Blanketi langu la kwanza lilikuwa la mtoto, miraba 30, tano kwa sita, kila mmoja wa sentimita 15. Nilifunga mafundo madogo, nikakata ncha karibu kabisa ili zisionekane, nikajisifu kwa usafi wa kazi. Baada ya kufuliwa mara ya pili, katikati ya miraba mitatu palifunguka matundu ya kupitisha kidole gumba, na fundo lililokuwa pale halikuonekana tena. Uzi wa akriliki, ambao si wa pamba wala sufu bali wa kutengenezwa kiwandani, huteleza, na fundo lake hulegea likisuguliwa na maji. Acha ncha ya sentimita 15, itunge kwenye sindano butu yenye tundu kubwa, ipitishe nyuma ya nguzo kuelekea upande mmoja, kisha irudishe ikiruka uzi mmoja, ndipo ukate. Fanya hivyo kila mraba unapokamilika, maana kukabili ncha 60 kwa siku moja ni adhabu. Pasi ya moto nayo usiipeleke juu ya akriliki, kwa kuwa huyeyusha nyuzi na blanketi halirudi tena katika hali yake.

Kuhusu kiasi cha uzi, usiamini anayekutajia idadi ya mabonge bila kujua mkono wako. Fuma mraba mmoja, upime kwenye mizani ya jikoni: ukiwa na gramu 12, miraba 30 itataka gramu 360, na zaidi kidogo kwa kuunganisha. Nunua rangi kuu yote kwa mkupuo mmoja, ukikagua kwenye lebo namba inayoonyesha mabonge yaliyotiwa rangi pamoja, kwani nyekundu mbili zenye namba tofauti zinaweza kuonekana sawa dukani na kutofautiana juani.

Mwisho, si kweli kwamba lazima uunganishe miraba. Unaweza kuuacha mmoja ukue mpaka uwe blanketi zima. Mzunguko wa 30 utakuwa na mafungu 120, yaani nguzo 360, kwa hiyo kabla ya kuuanza hakikisha bonge lililobaki linatosha pande zote nne, kwa sababu rangi ikibadilika katikati ya ubavu jicho huenda moja kwa moja hapo.