Namba 4,294,967,297: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wanafunzi wengi wa sekondari hapa Mbeya, kuanzia Uyole hadi Iyunga, huamini kwamba namba witiri kubwa ikishindikana kugawanyika kwa 3, 5, 7 na 11, basi ni namba tasa. Namba 4,294,967,297 inafaa sana kuipima imani hiyo. Inaishia na 7, kwa hiyo haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Na ukiijaribu kwa 7, 11, 13 au 17, kila mara utapata baki. Hata hivyo si tasa. Ni zao la 641 na 6,700,417, na mfanyabiashara yeyote wa mchele pale Mwanjelwa anaweza kulihakiki hilo kwa kikokotoo chake cha tarakimu 12.

Vipimo vile vya kugawanyika havina kasoro. Tatizo ni kuacha kazi mapema. Anayetaka kutangaza utasa kwa njia ya kujaribu hana budi kujaribu kila namba tasa isiyozidi kipeuo cha pili cha namba husika. Kipeuo hicho hapa kinazidi 65,536 kwa sehemu ndogo mno, na namba tasa zilizo chini yake ni 6,542.

Dhana ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu iliwahi kumnasa hata mwanahisabati mkubwa. Katika karne ya 17, Pierre de Fermat wa Ufaransa alichunguza namba 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo kila moja ni 2 iliyopandishwa kwa kipeo 1, 2, 4, 8 au 16, kisha ikaongezwa 1. Zote ni tasa, naye akaamini kwamba mfululizo mzima uko hivyo. Inayofuata ni 2³² + 1, yaani namba yetu, na mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kuwa inagawanyika kwa 641. Mifano mitano iliyokubali haikuwa uthibitisho.

Uthibitisho wenyewe ni mfupi, na kwa maoni yangu unastahili kuandikwa ubaoni katika kila darasa la aljebra. 641 ni 640 + 1, kwa hiyo inagawanya 640⁴ − 1, ambayo ni sawa na 5⁴ × 2²⁸ − 1, kwa kuwa 640 ni 5 × 2⁷. Vilevile 641 ni 5⁴ + 2⁴, kwa hiyo inagawanya 5⁴ × 2²⁸ + 2³². Toa ya kwanza katika ya pili: kinachosalia ni 2³² + 1, nacho lazima kigawanyike kwa 641.

Wengine hudhani kwamba namba ikiwa kubwa huwa na vigawo vingi. Namba yetu ina vigawo 4 tu, jirani yake 4,294,967,296 ina 33, ilhali 720,720, iliyo ndogo mno kuliko zote mbili, ina 240.

Wapo pia wanaogeukia upande wa pili na kusema kwamba, baada ya 65,537, hakuna tena namba tasa katika mfululizo wa Fermat. Ni kweli kwamba hadi leo haijapatikana hata moja, lakini hakuna aliyethibitisha kuwa haipo.