Je, wajua mtoto anayezaliwa kwa upasuaji hupata wapi bakteria wake wa kwanza?

Kwa miaka mingi jibu lililokubalika lilikuwa kwamba bakteria wa kwanza wa mtoto hutoka ukeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliipa nguvu imani hiyo, kwani muda mfupi baada ya kuzaliwa, watoto waliopita njia ya kawaida walikuwa na bakteria wanaofanana na wa uke wa mama, ilhali waliotolewa kwa upasuaji walibeba zaidi bakteria wa ngozi.

Hapo ndipo lilipoibuka wazo la kumpaka mtoto wa upasuaji majimaji ya uke wa mama kwa kitambaa safi mara tu anapozaliwa. Wazo hilo linavutia kwa wepesi wake, lakini mwaka 2017 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, kilishauri lisitumike nje ya utafiti, kwa sababu kitambaa hicho hicho kinaweza kumpelekea mtoto malengelenge ya sehemu za siri (herpes), kisonono au klamidia.

Baadaye ikabainika kwamba huenda chanzo kikuu ni kingine. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walichunguza kinyesi cha watoto karibu 600 na kuona kwamba kinachowapungukia hasa wale wa upasuaji ni bakteria waitwao Bacteroides, ambao makao yao ni utumbo wa mama. Badala yake walikuwa na Enterococcus na Klebsiella kwa wingi zaidi, vijidudu vinavyopatikana mara nyingi katika mazingira ya hospitali. Kwa lugha isiyo na haya, mtoto anayezaliwa kwa njia ya kawaida hupata urithi wake kwa kugusana na chembe za kinyesi cha mama. Mwaka 2020 watafiti wa Finland walilijaribu jambo hilo kwa watoto 7 wa upasuaji, waliopewa kiasi kidogo mno cha kinyesi cha mama zao, kilichopimwa magonjwa na kuchanganywa na maziwa. Bakteria wao wakafanana na wa watoto waliozaliwa kwa njia ya kawaida. Hilo, bila shaka, si jambo la kujaribiwa nyumbani.

Antibiotiki nazo zina mchango wake, kwa kuwa mama akipewa kabla ya kupasuliwa, dawa hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto. Hata hivyo haifai kuziacha, maana ndizo zinazomkinga mama na maambukizi ya kidonda.

Kwa maoni yangu, kinachostahili kupiganiwa zaidi ni unyonyeshaji, ambao baada ya upasuaji huchelewa kwa urahisi kutokana na maumivu na uchovu wa mama. Maziwa ya mama yana sukari za aina nyingi ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Hizo ni chakula cha bakteria waitwao Bifidobacterium, ambao huzigeuza kuwa asidi inayowazuia vijidudu hatari kustawi utumboni. Tofauti kati ya watoto wa upasuaji na wale wa njia ya kawaida hupungua kadiri mwaka wa kwanza unavyosonga, ingawa upungufu wa Bacteroides huweza kuendelea kwa miezi kadhaa.