Kumbe Yako Iko Wapi? Dhana potofu kuhusu mawasilisho mafupi ya hadithi na picha

"Mwalimu, nimeshaipunguza, ila naomba uniongezee dakika mbili tu."

Sentensi hiyo nimeisikia mpaka sasa naijibu kabla haijakamilika. Wiki iliyopita niliisikia mara nne katika darasa moja, na ya tano ikatoka kwa mwalimu mwenzangu aliyekuja kumwombea mwanafunzi wake. Kazi yangu ni kuwafundisha wanafunzi, na mara nyingine walimu wao, kusimama mbele ya watu na kueleza jambo moja kwa hadithi na picha ndani ya dakika chache. Woga haunisumbui sana. Hupungua kwa mazoezi. Kinachonisumbua ni imani ambazo watu huja nazo wamezishika kama amana ya babu.

"Wasilisho fupi ni lile refu lililopunguzwa"

Hii ndiyo mama yao wote, na ndiyo itakayonizeesha.

Kuna kijana niliyekaa naye hivi karibuni. Alikuwa na slaidi 34 kuhusu mmomonyoko wa udongo, kazi ya nusu saa. Akaambiwa anazo slaidi 20, sekunde 20 kwa kila moja, yaani dakika 6 na sekunde 40. Akafuta slaidi 14, akapunguza ukubwa wa herufi ili yaliyokuwa kwenye hizo 14 yahamie kwenye 20 zilizobaki, kisha akasoma kama anayefukuzwa na nyuki. Muda ulipoisha alikuwa bado kwenye "aina za mmomonyoko". Yaani tulisikia maana, tukasikia aina mbili na nusu, tukapigiwa kengele.

Nikamwuliza: kwa nini ulichagua mada hii? Akaniangalia kana kwamba nimetoka nje ya somo. Halafu akasema, kwa sauti ambayo hakuitumia hata mara moja mbele ya wenzake, kwamba nyuma ya uwanja waliochezea utotoni kulikuwa na kijifereji. Akiwa na miaka 8 alikuwa akikiruka bila hata kukitazama. Alipofika miaka 12, na miguu imeshakuwa mirefu, akashindwa kukiruka. "Nilidhani nimekuwa mwoga," akasema. "Kumbe mfereji ulikuwa unakua kunizidi."

Hapo! Hilo "kumbe" ndilo ninalolitafuta kwa kila anayeniletea kazi. Kiswahili kimetupa neno moja linalobeba mgeuko mzima wa hadithi: kabla yake yupo mtu aliyedhani hivi, baada yake yupo mtu yule yule anayejua vile. Asiye na kumbe ana maelezo ya kitabuni tu, na hayo tungeweza kuyasoma wenyewe. Mwenye nayo hahangaiki kuamua cha kutupa. Kila picha anaiuliza: unatupeleka kwenye kumbe, au unatuonyesha kilichofuata? Isiyojibu inakwenda, hata kama iligharimu usiku mzima kuitengeneza.

Kijana akarudi na kazi nyingine kabisa. Picha ya mguu wake ukingoni. Kigingi alichokichomeka hatua moja kutoka kwenye ukingo huo. Kigingi kile kile baada ya mvua kadhaa, nusu yake ikiwa hewani. Kisha ukingo wa pili, wenye nyasi, ambako kigingi cha pili kilikuwa hakijatikisika. Zile aina za mmomonyoko zikabaki sentensi moja, pale alipohitaji kueleza kwa nini maji yanayokimbia hukata udongo ulio wazi na kwa nini nyasi huyapunguza mwendo. Mengine yote yalikaa kichwani mwake hadi wakati wa maswali, na huko ndiko yalikomfaa. Hakuomba dakika hata moja ya nyongeza.

Mtindo huu wa picha 20 kwa sekunde 20 kila moja unaitwa PechaKucha, neno la Kijapani la kupiga soga. Ulianza Tokyo, Februari 2003, kwa wasanifu majengo wawili, Astrid Klein na Mark Dytham, waliowajua wenzao vizuri: msanifu akishika kipaza sauti na picha za kazi zake, hanyamazi. Picha zinajibadilisha zenyewe, utake usitake. Mtindo mwingine, Ignite, ulioanza Seattle, Marekani, mwaka 2006, ukabana zaidi: picha 20 kwa sekunde 15, jumla dakika 5. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kikawaambia wanafunzi wa uzamivu waeleze tasnifu nzima kwa dakika 3 na slaidi moja isiyotembea.

Watu wakisoma sheria hizo huona saa tu. Mimi naona rimoti iliyonyang'anywa. Usipokuwa na rimoti huwezi kusema "turudi kwenye slaidi ya tatu", wala kuganda dakika mbili kwenye jedwali unalolipenda. Unalazimika kuyapanga mambo yazaane, hili likaleta lile, kwa sababu hakuna kurudi. Kama unataka kujua iwapo yanazaana, sikiliza unapounganisha picha moja na inayofuata. Ukisema "kwa hiyo" au "lakini", tuko salama. Ukisema "pia", bado sijashtuka. "Pia" ya tatu mfululizo namsimamisha mtu, nakiri kwa ukali kidogo, maana anasoma orodha.

Na kwa kuwa tuko kwenye muda: miongozo mingi iliyoandikwa kwa Kiingereza hushauri maneno 130 hadi 150 kwa dakika. Tafadhali usiihamishe hesabu hiyo kama ilivyo. Neno letu "hatukuwaambia" limebeba ukanusho, watenda, wakati uliopita na watendwa ndani ya pumzi moja. Kwa Kiingereza hayo ni maneno manne au matano. Wanafunzi wangu nawapa maneno 30 hadi 35 kwa kila picha ya sekunde 20. Nikikuta 50 narudisha karatasi bila kuisoma.

"Andika kila kitu kwenye slaidi ili usisahau"

Anayesahau ni wewe, kwa nini tuadhibiwe sisi? Watu wakiona maandishi watayasoma, hawawezi kujizuia, na watamaliza kabla yako. Wakati wanasoma hawakusikii, na wakimaliza wanakungoja. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa elimu, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi: picha pamoja na sauti hufundisha vizuri kuliko picha, sauti, na maneno yale yale ya sauti yakiwa yameandikwa juu ya skrini. Maandishi ya ziada yanayagombania macho yanayotakiwa yawe kwenye picha.

Kuna slaidi moja ninayowaeleza wanaong'ang'ania vidoti na orodha. Januari 2003, chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kikiwa angani, wahandisi walitathmini iwapo kipande cha povu kilichokigonga wakati wa kuruka kilikuwa kimeleta madhara. Kichwa cha slaidi yao muhimu kilikuwa na maneno ya kutuliza. Chini kabisa, kwenye herufi ndogo, ndiko ulikokuwa ukweli kwamba kipande hicho kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, ilhali majaribio waliyoyategemea yalifanywa kwa vipande vya inchi za ujazo 3 tu. Mara 640! Februari 1 Columbia kilisambaratika kikirejea duniani na wanaanga wote 7 wakafa. Sisemi slaidi ndiyo iliyowaua. Mambo yalikuwa mengi, na ripoti ya uchunguzi inayataja. Lakini Edward Tufte, mtaalamu wa kuonyesha data kwa picha, aliichambua slaidi hiyo mstari kwa mstari, na bodi ya uchunguzi ikaona inafaa kuizungumzia ndani ya ripoti yake. Kumbe ya wahandisi wale ilikuwepo. Ilikuwa imezikwa kwenye mstari wa mwisho.

Picha nazo zina ugonjwa wao. Mikono inayosalimiana, balbu inayowaka, mtu wa katuni mwenye alama ya kuuliza juu ya kichwa: hizo hazionyeshi chochote, zinajaza nafasi. Piga mwenyewe kwa simu, hata kama mwanga si mzuri. Weka kitu ndani yake cha kupimia ukubwa, kiganja, kalamu, kiatu. Ijaze skrini yote. Ukihitaji neno, liwe moja, na liwe kubwa. Na kabla ya kuichagua jiulize kama mtu wa nyuma kabisa atajua atazame wapi bila kuelekezwa. Mshale mwekundu juu ya picha ni dalili kwamba ulipaswa kuikata pembeni.

"Hadithi ni ya masomo ya lugha, sayansi inataka data"

Wanaosema hivi kwa kawaida wanafikiri hadithi ni "hapo zamani za kale". Nimeshamwona mwanafunzi wa kemia akianza na "Paukwa!", darasa likaitikia "Pakawa!", wote wakafurahi, kisha yakafuata matini ya kitabu yasiyo na mtu wala tukio. Huo ni mlango wa hadithi uliobandikwa kwenye ukuta.

London, mwaka 1854, kipindupindu kiliua mamia ya watu Soho ndani ya siku chache, na wengi waliamini kinaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alishuku maji ya pampu ya Broad Street. Waliokufa karibu na pampu hawakuthibitisha mengi. Wote walivuta pia hewa ile ile. Kilichomsaidia ni mjane aliyekufa Hampstead, mbali na pale, ambako hapakuwa na mlipuko. Mwanawe akamweleza Snow kwamba mama yake aliipenda ladha ya maji ya Broad Street, akawa analetewa kwa gari kila siku. Mpwa wake wa Islington alikuja kumtembelea, akayanywa, naye akafa. Watu wawili tu, lakini hewa ya Soho haikuwafikia siku zile. Hiyo ni data. Ni hadithi pia. Hata ramani yake maarufu, yenye vistari vyeusi kwa kila kifo, ilikuwa picha ya kuwaonyesha wengine alichokuwa ameshakigundua.

Hapa lazima niwageukie na wapenzi wa hadithi. Wanafunzi karibu wote humalizia hivi: kipini cha pampu kikaondolewa, ugonjwa ukaisha. Hapana. Kiliondolewa Septemba 8, wakati vifo vilikuwa vimeshaanza kupungua na watu wengi wamekimbia mtaa, na Snow mwenyewe alilikubali hilo. Mwisho wa kweli hauna makofi mengi, lakini ndio wa kutumia. Watambaji wetu huitikiwa "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Kwenye wasilisho la darasani tunaalika wa kwanza na wa tatu.

Nyingine, haraka haraka

"Asilimia 93 ya mawasiliano si maneno." Ingekuwa hivyo ungeelewa filamu ya lugha usiyoijua kwa asilimia 93. Tarakimu hiyo ilitokana na tafiti ndogo za Albert Mehrabian za mwaka 1967 kuhusu namna watu wanavyokisia hisia za mtu, iwapo anapenda au anachukia, kwa neno moja, sauti na uso. Mwenyewe alisema haihusu mawasiliano yote. Simama vizuri, lakini andika maneno yako.

"Ubongo husoma picha mara 60,000 haraka kuliko maandishi." Kila anayeniambia namwomba utafiti wenyewe. Bado nangoja. Kwamba tunazikumbuka picha vizuri kuliko maneno ni jambo lililopimwa mara nyingi, linatosha bila kuongezewa sifuri.

"Kariri neno kwa neno." Ukikariri yote, neno moja likiponyoka linaondoka na ukurasa mzima. Kariri sentensi ya kwanza, ile yenye kumbe, na ya mwisho. Katikati izoee kwa kuisema kwa sauti, umesimama, picha zikijibadilisha, mara saba au nane. Kuipitia kichwani ukiwa umelala kitandani hakuhesabiwi, hata ukiapa.

"Lazima uanze kwa kujitambulisha." "Kwa majina naitwa", salamu za itifaki, "bila kupoteza muda ningependa kuanza": picha mbili zimepita na hakuna lililosemwa. Jina lako liko kwenye ratiba. Anza mguu ukiwa ukingoni mwa mfereji.

Na ile slaidi ya "Asante kwa kunisikiliza", yenye maua. Ifute. Picha yako ya mwisho iache ikae juu ya skrini wakati wa maswali, kwa sababu watu huuliza kuhusu kile wanachokitazama, na sijawahi kusikia mtu akiuliza kuhusu yale maua.