Treni, punda na wapita njia: dhana potofu kuhusu makutano ya reli na barabara

Tangu LAPSSET, mradi wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta, uzinduliwe Machi 2012, reli ya kutoka bandari ya Lamu kwenda Isiolo, na mbele hadi Sudan Kusini na Ethiopia, haikosi kutajwa barazani. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, reli bado. Ninayoyasikia katika miji yetu ya Hindi na Mokowe, Lamu bara, kuhusu mahali ambapo barabara zetu zitakatana na reli hiyo yananitia wasiwasi, na afadhali tuyazungumze sasa.

"Reli yenyewe haipo, haraka ya nini?"

Haraka ni ya ardhi. Jiji la Melbourne, Australia, lilikua likazizunguka reli za zamani, magari na treni vikawa vinapishana usawa mmoja. Tangu 2015 serikali ya jimbo la Victoria imekuwa ikiyaondoa makutano hayo, na lengo ni 110 kufikia 2030. Pengine reli hushushwa ndani ya mfereji mpana, pengine huinuliwa juu ya nguzo, kama ilivyofanywa kati ya Caulfield na Dandenong. Yote hayo katikati ya nyumba, maduka na foleni za magari. Hindi bado ina nafasi. Viwanja vikishakatwa na kuuzwa hadi ukingoni mwa reli, mlima wa daraja utapita wapi bila kubomolea mtu nyumba?

"Dereva akikuona atapiga breki"

Atapiga, lakini treni haitasimama. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki kama tairi kwenye lami, na treni ya mizigo yenye mwendo mkubwa huweza kuhitaji kilomita moja au zaidi hadi itulie. Kwa kilomita 80 kwa saa inakula mita 22 kila sekunde. Tena macho hudanganya: kitu kikubwa kinachokujia kwa mbali huonekana kinakwenda polepole kuliko kilivyo. Oktoba 2013, pale Mutindwa jijini Nairobi, basi la abiria liligongwa na treni kwenye makutano kama haya, wakafa zaidi ya watu 10. Walikuwa wakienda kazini asubuhi.

"Wekeni geti na mlinzi, yatosha"

Geti husaidia pale treni na magari ni machache. Treni zikiongezeka, geti hukaa limefungwa muda mrefu zaidi, foleni inarefuka, na bodaboda wanaanza kupenya pembeni. Penye njia mbili za reli hatari huzidi: treni ya kwanza ikishapita mtu anakimbilia kuvuka, kumbe ya pili inatokea upande wa pili.

"Daraja la miguu linamaliza kazi"

Hapa ndipo ningependa wahandisi watusikilize sana. Reli ya kisasa ya Mombasa ilijengwa kwa kimo cha kupitisha makontena yaliyopandana mawili. Tukijengewa ya namna hiyo, sakafu ya daraja itakuwa juu kama mita 7. Kwa ngazi, ni kimo cha nyumba ya ghorofa mbili. Punda aliyebebeshwa madumu ya maji hapandi ngazi hizo, wala mwenye mkokoteni, wala bibi mwenye magoti mabovu, wala mtu wa kiti cha magurudumu. Mteremko unaofaa kiti hicho ni mita 1 ya kupanda kwa kila mita 12 za kwenda. Fanya hesabu: mita 84 kila upande, bila kuhesabu sehemu za kupumzikia. Mtu akiona mzunguko huo, na reli iko mbele yake hatua chache tu, atakata katikati. Wala simlaumu.

Kwa hiyo mara nyingi ni bora tuta la reli liinuliwe kidogo, na watu, punda na ng'ombe wapite chini yake kwa usawa wa ardhi. Lakini njia hiyo isichimbwe kwenda chini bila mtaro wa maji, kwani masika ya Aprili na Mei yataigeuza bwawa. Na iwe na taa, maana mwanamke hatapita gizani usiku.

"Michoro huja tayari, sisi hatuna la kusema"

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika ujenzi wa bandari ya Lamu, ikaagiza wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Basi mkutano wa reli ukiitishwa, tuulize hasa: njia ya kuvukia iko umbali gani kutoka shule, kisima na njia ya mifugo? Nani ataizibua mvua ikinyesha? Na majibu yaandikwe kwenye mchoro wenyewe, kabla tingatinga la kwanza kuwasili.