“Nani anakupa mawazo?” Dhana potofu kuhusu furaha, presha na sonona

Mtu akikutwa na presha, swali la kwanza nyumbani ni nani anampa mawazo. Akipata saratani anaambiwa achangamke ili apone. Akikosa raha wiki nzima, anaambiwa ajikaze. Wanaosema hivyo wanampenda, lakini wanamtuma atafute tiba mahali isipokuwepo.

“Presha inaletwa na mawazo”

Hasira na hofu hupandisha presha kweli, lakini kwa muda tu, kisha inashuka. Presha ya kudumu ina mizizi mingine: mishipa inayokakamaa kadiri umri unavyosonga, figo zinazoshindwa kutoa chumvi ya kutosha, unene, pombe, urithi wa ukoo. Msongo wa muda mrefu unaweza kuchangia, hasa ukimharibia mtu usingizi na kumwingiza kwenye ulevi, ila ni nadra kuwa chanzo pekee.

Ubaya wa dhana hii unaonekana pale mambo ya nyumbani yanapotulia. Mgonjwa anaacha dawa kwa sababu “siku hizi sina mawazo”. Presha haiumi, hivyo haoni tofauti yoyote, na wakati huo huo inaendelea kuumiza ubongo, moyo na figo. Wengine hujua iko juu siku wanapopata kiharusi.

Kipimo nacho hukosewa sana. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha namba. Keti dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, miguu haijapishanishwa. Mkono ulale juu ya meza, usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ilivyo. Usizungumze. Pima mara mbili, ukiacha dakika 1 katikati. Namba zikifika 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti, hiyo ni presha ya kutibiwa, hata kama moyo wako umetulia kabisa.

Upande wa chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, vyakula vyote vikijumlishwa. Nyumba ya watu wazima wanne inaweza kupima vijiko vitatu asubuhi kwenye kikombe na kupikia hivyo hivyo hadi usiku. Kile cha nne tayari kimo kwenye mkate na vile vipande vya kiungo cha mchuzi. Kopo la chumvi lisikae mezani.

“Ukiwa na furaha, saratani haikuwezi”

Imani hii ilipata nguvu mwaka 1989, pale David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walipotangaza kwamba wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa, waliohudhuria vikundi vya kufarijiana, waliishi muda mrefu zaidi. Idadi yao ilikuwa ndogo: 86. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walirudia jaribio kwa wanawake 235. Maumivu na huzuni vilipungua kwa waliokuwa kwenye vikundi, lakini hawakuishi zaidi ya wengine. Spiegel mwenyewe alirudia, na majibu yake ya mwaka 2007 hayakuthibitisha yale ya kwanza.

Halafu kuna utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwishoni mwa 2015, uliofuatilia wanawake wapatao 720,000 kwa takriban miaka kumi. Mwanzoni ilionekana wasio na furaha wanakufa zaidi. Watafiti walipozingatia nani alikuwa mgonjwa tangu mwanzo na nani alivuta sigara, tofauti ile ikatoweka. Ugonjwa ndio uliokuwa umewaondolea furaha.

Kwa hiyo mgonjwa wa saratani ana haki ya kulia. Kikundi cha faraja kina thamani yake, kwa kuwa kinapunguza maumivu na upweke. Asiyechangamka hajaikosea tiba yake, na ndugu wasimbebeshe lawama hiyo juu ya ugonjwa.

“Pesa haileti furaha”

Kwa fukara, inaleta kiasi. Huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, kaya maskini zilitumiwa pesa kwa simu bila masharti, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta wapokeaji wana furaha zaidi, wanaridhika zaidi na maisha na wana msongo mdogo kuliko kaya ambazo hazikupewa.

“Ni mawazo tu, ajikaze”

Sonona, yaani huzuni nzito na kukosa hamu kusikoisha, ni ugonjwa, na una kipimo. Dodoso la maswali tisa, ambalo lipo pia kwa Kiswahili, linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona hufai, umakini, kutembea na kuongea polepole mno au kutotulia, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, kuanzia “hapana kabisa” hadi “karibu kila siku”. Jumla ikifika 10, muone mhudumu wa afya. Jibu la swali la tisa likizidi 0, muone leo, jumla iwe yoyote. Omba pia kipimo cha damu: upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kivivu huleta uchovu na huzuni vinavyofanana na sonona.

Maongezi yaliyopangwa yanatibu. Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa mitaani, wengi wao kina bibi, kuketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Mgonjwa anataja matatizo yake yote, anachagua moja, wanatafuta pamoja hatua ndogo ya kuchukua, kisha anarudi kueleza ilivyokwenda. Vikao ni sita. Jaribio la watu 573, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha dalili zilipungua sana kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. “Jikaze” inamwacha mtu peke yake na milima yote. Bibi wa kwenye benchi anamuuliza aanze na upi.

Dawa nazo zinasaidia, ila si siku ile ile. Kichefuchefu au usingizi huweza kuja kwanza, nafuu ikafuata baada ya wiki 2 hadi 6, na wengi huacha katikati hapo wakidhani dawa haifai. Ukipata nafuu, endelea angalau miezi 6, kisha daktari apunguze dozi kidogo kidogo. Ukiacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu na hofu. Amitriptilini, mojawapo ya dawa hizi, ikizidishwa huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua. Kama mgonjwa ana mawazo ya kufa, ndugu mmoja azitunze dawa na ampe dozi ya siku moja tu kwa wakati.