"Kontroli boksi imekufa": dhana potofu kuhusu kompyuta ya injini

Gari likigoma kuwaka na mashine ya kupima ikakataa kusoma, hukumu ya gereji hutoka haraka: kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Mwenye gari anatumwa Kariakoo, Dar es Salaam, kutafuta ya mtumba, analipa, inafungwa, na si ajabu gari likabaki vilevile. Kompyuta ya injini huharibika, hilo halina ubishi. Ila ni spea ya mwisho kuhukumiwa, na ushahidi wake hutoka kwenye mita ya umeme na mchoro wa waya wa gari husika.

"Mashine haisomi, basi imekufa"

Hii ndiyo inayokula pesa nyingi kuliko zote, tukae nayo kidogo.

Mashine ya kupima huchomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani. Pini ya 16 huleta moto wa betri, ya 4 na ya 5 ni ethi (njia ya umeme kurudi upande hasi wa betri). Katika magari kadhaa moto huo unatoka kwenye fyuzi moja na soketi ya kiberiti, ile tunayochajia simu. Chaja mbovu ikipiga shoti, fyuzi inaungua na mashine haiwaki kabisa, wakati kontroli boksi ni nzima. Kwa hiyo anza hapo.

Kisha weka swichi oni bila kupiga stata, utazame taa ya injini kwenye dashibodi. Inatakiwa iwake. Isipowaka, na mashine haisomi, mshukiwa wa kwanza ni umeme unaoingia kwenye kontroli boksi. (Isipokuwa kama aliyekuuzia gari aliichomoa balbu makusudi. Yapo.) Kwenye mchoro wa Toyota utakuta pini zenye majina BATT, +B, IGSW na E1: moto wa kudumu, moto unaopitia rilei ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme), moto wa swichi, na ethi. Moja ikikosekana, kompyuta itakaa kimya hata kama imetoka kiwandani jana.

Hapa mafundi wengi wanadanganywa na mita. Waya uliobaki na uzi mmoja bado utaonyesha volti 12, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunge kati ya pini ya moto na ethi kwenye soketi ya kontroli boksi ikiwa imechomolewa. Ikiwaka kwa nguvu, umeme upo. Ikififia, fuata waya mpaka upate palipoliwa na kutu au palipoungwa na kuzungushiwa selotepu. Ethi nayo ipime injini ikiwa inazungushwa na stata: ncha moja ya mita kwenye ethi ya kontroli boksi, nyingine kwenye nageti (upande hasi) ya betri. Ukiona kama volti 0.1, sawa. Ukiona nusu volti, acha kufikiria spea, kasugue bolti za ethi kwenye injini na kwenye bodi ya gari.

Umeme ukiwa safi na bado kimya, geukia volti 5. Kontroli boksi hupeleka volti 5 kwenye sensa kadhaa kwa waya unaogawanyika, ambao Toyota huuita VC. Sensa moja ikipiga shoti ndani, au waya wake ukasuguana na chuma, volti hizo huanguka, na katika Toyota nyingi taa ya injini huzimika na mashine haisomi tena. Dalili zote za kifo, kwa sababu ya sensa moja tu. Weka mita kwenye waya huo, chomoa sensa moja baada ya nyingine. Volti 5 zikirudi, umempata.

Kwa magari mapya zaidi kuna nyaya mbili za mawasiliano kwenye pini ya 6 na ya 14. Chomoa betri, pima kati yake: omu 60 ni sawa, 120 maana yake kuna upande umekatika, karibu na sifuri ni shoti.

Yote hayo yakiwa sawa na kompyuta bado haijibu, sasa una kesi.

"Mashine imesoma jina la kifaa, badilisha hicho"

Msimbo wa hitilafu unaotolewa na mashine hutaja saketi, hautaji spea. P0351 inalalamikia saketi ya koili ya kwanza (koili hutoa umeme wa cheche), na saketi ni koili, plagi yake, waya, ethi, na transista (swichi ya elektroniki) iliyomo ndani ya kontroli boksi au ndani ya koili yenyewe. Hata P0606, unaoituhumu kompyuta moja kwa moja, usiupokee kabla ya kupima betri na ethi. Futa, endesha, uone kama unarudi.

"Vitu hivi haviharibiki" na "hufa vyenyewe tu"

Dhana mbili zinazopingana, na zote nimezisikia kwenye gereji zilizopakana.

Huharibika. Mwaka 2010 Toyota iliita yarudi kurekebishwa zaidi ya magari milioni 1 ya Corolla na Matrix ya miaka ya 2005 hadi 2008, huko Marekani na Kanada, kwa sababu bodi ya kompyuta ya injini ingeweza kupata ufa kwenye viungo vya lehemu au kwenye kifaa kidogo cha kuzuia umeme uliozidi. Gari lingegoma kuwaka, au kuzimika likiwa njiani. Mitsubishi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zinajulikana kwa kapasita zinazovuja na kula bodi. Hizi hutengenezeka kwa fundi wa elektroniki mwenye mkono mtulivu, kwa hiyo usiitupe ya zamani.

Lakini nyingi zimeuawa na kitu cha nje. Kuna kubusti betri kwa nyaya zilizogeuzwa, kuchomelea bodi ya gari bila kuchomoa betri, kuosha injini kwa presha, na maji ya mvua yanayopenya kwenye kioo cha mbele mpaka nyuma ya droo ya dashibodi, ambako magari mengi ya Kijapani huficha kontroli boksi. Kuna pia koili au nozeli (inayopuliza mafuta) iliyopiga shoti, ikachoma transista inayoiendesha. Hiyo ndiyo inayoumiza mara mbili: ukifunga kontroli boksi nyingine bila kumtafuta muuaji, nayo inaungua. Kabla ya kufunga, pima kila nozeli. Nyingi za petroli huwa kati ya omu 12 na 16; iliyo chini sana ya wenzake isirudi kwenye gari.

"Soketi ikiingia, inafaa"

Soketi inaweza kuingia na gari likakataa kabisa. Chukua Toyota IST ya kwanza, ambayo imejaa barabarani Dar es Salaam: kwa namba ya modeli, NCP60 ni injini ya lita 1.3, NCP61 ni 1.5, NCP65 ni 1.5 ya kuvuta magurudumu manne. Mwuzaji atakwambia "ni ya IST" na hatakuwa amedanganya. Unachotafuta ni namba ya kibandiko. Kwa Toyota namba ya kompyuta ya injini mara nyingi huanza na 89661, na tarakimu zinazofuata zote zifanane na za ile unayoitoa.

Namba zikilingana bado kuna imobilaiza, mfumo wa kuzuia wizi. Kama gari lako linatambua funguo kwa chipu, kontroli boksi ya gari jingine inaweza kukuruhusu upige stata kisha injini isiwake, au iwake na kuzimika baada ya sekunde chache. Baadhi ya Toyota zenye kisanduku cha imobilaiza kilichojitenga hutambulishana kwa kuunga pini ya 4 na ya 13 kwenye soketi ya kupimia, swichi ikiwa oni, kwa dakika 30. Nyingine zinahitaji kompyuta yenye programu ya kazi hiyo. Njia ya bei nafuu ni kununua seti kutoka gari moja: kontroli boksi, kisanduku cha imobilaiza na funguo yake. Na mkubaliane na mwuzaji kwamba gari lisipoelewana nayo unarudisha, kabla hujatoa hela.

"Chomoa betri usiku kucha, itajirekebisha"

Inafuta misimbo na yale kompyuta iliyojifunza kuhusu injini yako, ndiyo maana slesi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inaweza kuyumba siku ya kwanza. Waya uliokatika haujiungi. Ubaya wake ni kwamba unamfutia fundi ushahidi, basi piga picha ya misimbo yote kwanza. Wakati wa kuchomoa betri ni pale unapotoa na kufunga kontroli boksi yenyewe, nageti ikitangulia kutoka.