"Neno Lake": safari ndefu ya nusu aya

Katika miaka yote niliyofundisha historia ya mahusiano ya Wakristo na Waislamu, sijasikia andiko la Kurani likinukuliwa na wahubiri wa Kikristo mara nyingi kuliko sehemu ya aya ya 171 ya Sura An-Nisaa, ile inayosema kwamba Masihi Isa mwana wa Mariamu ni mtume wa Mwenyezi Mungu, na neno lake alilompelekea Mariamu, na roho itokayo kwake. Mhubiri huisoma kwa sauti, hufungua Injili ya Yohana penye maneno "Hapo mwanzo kulikuwako Neno", kisha huwauliza Waislamu waliohudhuria: ikiwa Kitabu chenu chenyewe kinamwita Neno, mnakataaje kwamba Neno alikuwa Mungu?

Hoja hii haikuzaliwa katika viwanja vya mihadhara vya Dar es Salaam au Mombasa. Yohana wa Dameski, mtawa na mwanateolojia wa Kikristo aliyefariki yapata mwaka 749 na ambaye familia yake iliwahi kuitumikia dola ya Kiislamu ya Bani Umayya, tayari aliitumia katika maandishi yake juu ya uzushi. Wakristo walikuwa wakiitwa washirikina, yaani watu wanaomshirikisha Mungu na mwingine. Yeye akajibu kwamba neno na roho ya Mungu havitengwi na Mungu mwenyewe, na kwamba anayevitenga amemkata Mungu vipande. Aliandika kwa Kigiriki, kwa Wakristo wenzake, ili kujibu shutuma. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tunavyoipa uzito, kwa sababu andiko linalomsaidia mtu kueleza kwamba imani yake si ushirikina halitoshi kumthibitishia mwenzake kwamba imani hiyo ni kweli.

Baadaye Paulo wa Antiokia, askofu wa Sidoni, alipiga hatua zaidi, akaandika kwa Kiarabu waraka uliojaa aya za Kurani zilizokusudiwa kuunga mkono Ukristo. Waraka huo, ukiwa umehaririwa upya huko Kupro, ulifika Dameski mwanzoni mwa karne ya 14, na mwanazuoni wa Kiislamu Ibn Taymiyya akaujibu kwa kitabu kikubwa, akipinga, pamoja na mengine, desturi ya kuchukua kutoka katika Kurani kile kinachompendeza msomaji na kukiacha kingine. Mimi ni Mkristo, na katika jambo hilo naona alikuwa na haki.

Tuisome aya nzima. Inaanza kwa kuwaonya Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, wasipite kiasi katika dini yao, na baada ya maneno yanayonukuliwa inaendelea kuwaambia wasiseme "watatu", kwa kuwa Mwenyezi Mungu ni mmoja, ametakasika na kuwa na mwana. Nusu inayosomwa jukwaani imekatwa kutoka katikati ya katazo linalomhusu msomaji mwenyewe! Wafasiri wengi wa Kiislamu, wakiongozwa na aya ya 59 ya Sura Aal Imran, inayomfananisha Isa na Adamu aliyeumbwa kwa udongo kisha akaambiwa "Kuwa", wameelewa kwamba Isa anaitwa neno kwa sababu aliumbwa kwa amri hiyo.

Kiswahili chenyewe kinaionyesha tofauti hii waziwazi. Katika Biblia ya Union tunasoma "naye Neno alikuwa Mungu": jina lililo katika ngeli ya LI-YA limepewa upatanisho wa mtu, kwa sababu mfasiri aliamini kwamba anayetajwa ni nafsi hai. Lakini tunaposema "neno lake alilompelekea Mariamu", kirejeshi "-lo-" kinalibakiza neno kuwa kitu kinachopelekwa. Wakristo wa pwani walikuwa na Kurani kwa Kiswahili tangu mwaka 1923, ilipochapishwa tafsiri ya Godfrey Dale, mmisionari wa UMCA (shirika la kimisionari la Kianglikana), na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alikamilisha kuchapisha yake mwaka 1969. Kwa hiyo nyenzo za kusoma kwa uangalifu tumekuwa nazo muda mrefu.

Na sisi huumia tunapotendewa vivyo hivyo. Mhadhiri wa Kiislamu anaponukuu Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi", tunalalamika kwamba ameuruka mstari wa 9 wa sura hiyohiyo, "Aliyeniona mimi amemwona Baba". Lalamiko hilo ni sahihi, na kipimo chake kinatuhusu sisi pia.

Sisemi aya hiyo isiguswe. Katika Kurani hakuna nabii mwingine anayeitwa neno litokalo kwa Mwenyezi Mungu, na ni halali kumuuliza jirani Mwislamu, kwa heshima, anaielewaje sifa hiyo ya pekee, kisha kunyamaza na kumsikiliza. Atakapotaja Adamu, kama wengi wanavyofanya, mazungumzo yatakuwa yamefika mahali ambapo An-Nisaa haiwezi kumbeba Mkristo zaidi. Hapo nawaelekeza wanafunzi wangu kwenye Yohana 1:14, kwa kuwa "Neno alifanyika mwili" ni kauli ambayo Kurani haiisemi, na Mkristo anapaswa kuieleza kutoka katika maandiko yake mwenyewe.